Singa za Mkonge Ndani ya Plastiki: Nguvu Iko Wapi?

Wasikilizaji, leo tunazungumzia zao ambalo plastiki ililiangusha, na ambalo sasa linaombwa liingie ndani ya plastiki ileile liipe nguvu. Mkonge ulifika Pangani mwaka 1893 kwa juhudi za Richard Hindorf, bwana kilimo wa Kijerumani. Katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, ni 62 tu iliyosalimika safari na kupandwa. Kutokana na miche hiyo michache, Tanganyika ikaja kuongoza dunia, na mwaka 1964 mashamba yake yalitoa kiasi cha tani 230,000 za singa. Kisha zikaja kamba za polipropilini, nyepesi, rahisi na zisizooza. Bei ya mkonge ikaporomoka, na mashamba mengi ya Tanga na Morogoro yakageuka vichaka. Siku hizi, katika mikutano ya uwekezaji na katika maandiko ya vyuo, tunasikia habari njema mpya: singa za mkonge zinaweza kuchanganywa na plastiki badala ya nyuzi za kioo, zikatoa bodi za milango ya magari, vigae vya dari, samani na mengine mengi. Na sababu inayotolewa kila mara ni moja: mkonge una nguvu. Hilo ni kweli, lakini kwa namna linavyosemwa halimsaidii mtu yeyote. Mnunuzi hanunui uzi mmoja mmoja. Ananunua kipande kizima cha nyenzo mseto, na nguvu ya kipande hicho haivunwi shambani ikaja tayari. Sehemu yake kubwa hutengenezwa kiwandani, au hupotezwa hukohuko.

Tuanze na takwimu zenyewe, maana ndizo zinazoleta tamaa. Uzi wa mkonge ukivutwa peke yake kwenye mashine hukatika kwenye mkazo wa megapaskali 400 hadi 700, kutegemea jani, umri wa mmea na namna ulivyochunwa. Kwa lugha nyepesi, kifungu cha singa chenye eneo la milimita moja ya mraba kinaweza kubeba kilo 40 hadi 70 kabla ya kukatika. Chuma laini cha kawaida cha ujenzi nacho hukatika kwenye megapaskali 400 na kitu, na hapo ndipo lilipozaliwa lile dai la majukwaani kwamba mkonge ni sawa na chuma. Nyuzi za kioo, zile zinazotumika kwenye boti za faiba, huanzia megapaskali 2,000 na kwenda juu. Kitani, zao la nchi za baridi, kikitunzwa vizuri hupita 1,000. Usumba wa makumbi ya nazi uko chini kabisa, kati ya 130 na 220. Tofauti hizi zina chanzo chake. Nyuzi zote za mimea hubebwa na selulosi, na selulosi hiyo imejipinda kuuzunguka uzi kwa mzunguko wa parafujo. Katika kitani pembe ya mzunguko huo haifiki digrii kumi, kwa hiyo selulosi karibu yote imelala kuelekea upande wa mvuto. Katika mkonge pembe ni kama digrii ishirini. Katika usumba hufika arobaini na tano, tena selulosi yenyewe ni haba na lignini, ile gundi ya asili ya mmea, ni nyingi. Ndiyo maana usumba ukivutwa hurefuka hadi theluthi ya urefu wake kabla ya kukatika, wakati mkonge hurefuka asilimia chache tu. Mafundi wa pwani walioshona mitepe, vyombo vya kale vya baharini, kwa kamba za usumba walikuwa na uzi dhaifu kwa hesabu ya megapaskali, lakini mvumilivu kwa mshtuko wa mawimbi na kwa maji ya chumvi. Hapo tayari tunaona kwamba neno nguvu, likiachwa peke yake bila kazi ya kufanya, halituelezi mengi.

Sasa tuutie uzi huo ndani ya plastiki. Polipropilini, plastiki ya ndoo na viti, ikiwa peke yake hukatika kwenye megapaskali 30 hivi. Mtu anaweza kudhani kwamba akichanganya uzi wa 500 na plastiki ya 30 atapata kitu cha katikati, kwa hesabu ya wastani tu. Sivyo. Unapokivuta kipande hicho, hakuna anayeushika uzi moja kwa moja. Unaivuta plastiki, nayo plastiki ndiyo inayouvuta uzi kwa kuushika ubavuni. Kama mshiko huo ni hafifu, uzi huchomoka mzima, na nguvu zake zote hubaki ndani yake bila kutumika, kama mpini imara ulioshikwa na mkono uliopakwa mafuta. Na kwa mkonge mshiko huo ni hafifu kwa asili. Uzi wa mmea unapenda maji. Polipropilini ni jamii ya mafuta na inayakataa. Viwili hivyo vikikutana hubaki vimegusana tu bila kushikana.

Wahandisi wana hesabu ndogo ya jambo hili, na ni rahisi kuifuata hata redioni. Chukua uzi wenye kipenyo cha milimita 0.2 unaokatika kwenye megapaskali 500. Tuseme plastiki inaushika ubavuni kwa megapaskali 5. Zidisha 500 kwa 0.2, unapata 100. Gawanya kwa mara mbili ya 5, yaani 10. Unapata milimita 10. Maana yake ni kwamba uzi wowote mfupi kuliko sentimita moja utachomoka kabla haujakatika. Sasa fikirieni mashine ya kuyeyushia na kusukumia plastiki kwenye kalibu. Parafujo yake huzikatakata nyuzi zinapopita, na zinazotoka mwisho nyingi hazina hata milimita chache. Mkonge wa megapaskali 500 umeingia, na kinachofanya kazi ndani ya kipande ni sehemu ndogo tu ya hiyo 500. Ukiongeza mshiko mara mbili, urefu unaohitajika unashuka hadi milimita 5, na bila kubadili mmea wala shamba, kipande kinakuwa imara zaidi. Ndiyo maana maabara nyingi zinashughulika na ngozi ya uzi kuliko uzi wenyewe. Njia ya kwanza ni kuzilowesha singa katika maji ya kostiki, mbinu iliyotokana na kazi ya Mwingereza John Mercer aliyoifanya juu ya pamba katika karne ya 19. Kostiki huondoa nta, hemiselulosi na sehemu ya lignini, ikauacha uso wa uzi ukiwa na mikwaruzo inayoshikika. Ikizidi ukali au muda, hula uzi wenyewe, na mtu anapata mshiko mzuri juu ya uzi mbovu. Njia ya pili ni kutia ndani ya polipropilini kiasi kidogo cha polipropilini iliyounganishwa na kemikali ya maleiki anhidridi. Upande mmoja wa molekuli hizo hujishika na uzi, upande mwingine ukachanganyika na plastiki. Asilimia chache tu zinatosha kubadili matokeo.

Baada ya mshiko kuna mwelekeo, na hapa hasara ni kubwa zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Tutoke kwenye nguvu ya kukatika twende kwenye ukakamavu, yaani kiasi ambacho kipande kinakataa kupinda au kurefuka kinapobebeshwa mzigo. Tuseme polipropilini ina ukakamavu wa gigapaskali 1.5 na singa zina 15, na tumetia singa asilimia 30 kwa ujazo. Zikilazwa zote sambamba kuelekea upande mmoja, hesabu ya kinadharia inatoa kama 5.5. Zikitawanywa ovyo kama mkeka usio na mpangilio, inashuka hadi 2.7. Zikielekea kila upande, juu na chini, mbele na nyuma, kama inavyotokea katika kitu kinene kilichomiminwa kwenye kalibu, haifiki hata 2. Uzi ni uleule, plastiki ileile na uzito uleule, lakini tofauti inakaribia mara tatu. Kwa hiyo mtu akisema ametengeneza nyenzo mseto ya mkonge, kabla ya kumshangilia ni haki kumuuliza amezilaza vipi singa zake, zina urefu gani, na amepima akivuta upande upi. Makala nyingi za kitaaluma hutaja asilimia ya nyuzi kwenye kichwa cha habari na kulificha jambo la mwelekeo katika aya ya ndani.

Hapo mpinzani wa kwanza atasimama. Atasema: hasara zote hizo za mshiko na mwelekeo zinazipata pia nyuzi za kioo, na kwa kuwa kioo kimeanza juu mara nne au tano, kitabaki juu. Anasema kweli, na watetezi wa mkonge hawafanyi vizuri wanapojaribu kulikwepa jambo hilo. Kwenye kipande kinachovutwa moja kwa moja, mkonge hauzifikii nyuzi za kioo, hata ukigawanya kwa uzito. Lakini bodi ya ndani ya mlango wa gari haivutwi. Kazi yake ni kutopinda na kutotetemeka, tena iwe nyepesi. Kwa kazi hiyo hesabu inageuka. Sentimita moja ya ujazo ya kioo ina gramu 2.5, na ya mkonge ina kama 1.4. Kwa uzito uleule, bao la mkonge linaweza kuwa nene mara 1.8 hivi kuliko la kioo. Na ukakamavu wa bao dhidi ya kupinda hukua kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe: 1.8 mara 1.8 mara 1.8 ni karibu 6. Ukakamavu wa kioo chenyewe ni gigapaskali 72 hivi, yaani mara nne au tano ya mkonge. Sita inashinda nne, na hata tano. Kwa kweli ndani ya kipande plastiki huzipunguza tofauti zote mbili, kwa hiyo ushindi si mpana kama hesabu hii ya nyuzi tupu inavyoonyesha. Lakini upande unaoelekea ni huo. Msichanganye, hata hivyo: huo ni ukakamavu. Nguvu ya kuvunjika kwa kupinda hukua kwa unene uliozidishwa mara mbili tu kwa wenyewe, na hapo kioo kinarudi mbele. Kwa hiyo mkonge unafaa pale ambapo bao lazima lisipinde na liwe jepesi, na haufai pale ambapo likivunjika mtu anaumia.

Historia inaunga mkono mgawanyo huo. Gari la Trabant, lililotengenezwa Zwickau katika Ujerumani Mashariki kuanzia mwaka 1957 hadi 1991, lilikuwa na mabodi ya nje ya rezini ya fenoli iliyotiwa nguvu kwa taka za pamba. Yalitoka magari kama milioni tatu. Watu wa Magharibi wakalicheka kwamba ni gari la karatasi, na kwa injini yake ya moshi sina la kulitetea. Lakini angalieni lilivyoundwa: mabodi yale ya pamba yalifungwa juu ya fremu ya chuma, na mizigo mikubwa ilipita kwenye chuma. Pamba ilibeba umbo na upepo. Viwanda vya magari vya Ulaya vilipozirudia nyuzi za mimea kwa wingi kuanzia miaka ya 1990, vilifuata mantiki hiyohiyo: kitani, mkonge na juti vikaenda kwenye bodi za milango, migongo ya viti na sakafu za buti. Mercedes-Benz ilitumia nyuzi za abaka za Ufilipino kwenye kifuniko cha tairi la akiba cha A-Class, kitu cha nje kinachorushiwa maji na mawe, na hata hapo hakikuwa kitu cha kubeba gari. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 kuhusu magari yaliyokwisha muda wake iliongeza msukumo, kwa kuwataka watengenezaji wafikirie kila kilo ya gari itaishia wapi.

Mpinzani wa pili hazungumzii wastani, anazungumzia kutotabirika. Kioo hutoka tanuruni kikiwa kilekile leo na kesho. Mkonge ni jani. Singa za pembezoni mwa jani si sawa na zile zinazopita katikati, za jani la chini si sawa na za juu, na korona, mashine ya kuchuna singa, ikifungwa vibaya huchubua uzi na kuupandikizia ufa. Mwaka 1921 mhandisi A. A. Griffith alionyesha, kwa kuvuta nyuzi za kioo, kwamba kitu hukatika pale ufa wake mbaya ulipo, na si kwa nguvu ya mwili wake wote. Ndiyo maana uzi mrefu hukatika mapema kuliko mfupi: una nafasi nyingi zaidi za kuwa na ufa. Pingamizi hili ni zito, lakini halihitimishi kesi, kwa kuwa ujenzi umeishi nalo tangu zamani. Mbao nazo zina mafundo na nyufa, wala hakuna mhandisi anayepaua jengo kwa kutumia nguvu ya wastani ya mbao. Anatumia kiwango cha chini ambacho vipande vichache sana hushuka chini yake, na mbao hupangwa kwa madaraja kulingana na hilo. Kwa nini mkonge usipangwe hivyohivyo?

Na hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye kidonda. Mkonge una madaraja, tena ya siku nyingi: kuna la kwanza, kuna 3L, kuna UG, na kuna masalia mafupi yanayobaki baada ya brashi. Lakini madaraja hayo yanaangalia urefu wa singa, rangi yake na usafi wake. Yalitungwa kwa ajili ya watengeneza kamba, na kwao yalikuwa na maana, maana uzi mrefu na mweupe husokoteka vizuri na kuuzika vizuri. Hakuna daraja hata moja linalomwambia mnunuzi singa hizi hukatika kwenye megapaskali ngapi, au zimetawanyika kiasi gani kuizunguka namba hiyo. Muuzaji wa nyuzi za kioo anatoa karatasi yenye namba hizo zote. Muuzaji wa mkonge anatoa robota safi. Mhandisi anayeunda bodi ya mlango, akiwa hana namba, atachukua dhana ya chini kabisa ili asilaumiwe, na kwa dhana hiyo mkonge utaonekana haufai hata mahali unapofaa.

Kuhusu maji sitazunguka sana, kwa kuwa hapa mpinzani ana haki karibu yote. Singa huvuta unyevu hata hewani tu, kama asilimia kumi ya uzito wake, na zikilowa huvimba, zikikauka hunywea. Ndani ya plastiki, kuvimba na kunywea huko hukwangua mshiko tuliouhangaikia kwa kostiki na maleiki. Kwa sababu hiyo boti za faiba zinazovua kutoka Lamu hadi Mtwara ziendelee kuwa za kioo, na anayependekeza ngozi ya boti ya mkonge kwa leo anacheza na maisha ya wavuvi. Joto nalo ni mpaka: singa huanza kuharibika zikipita nyuzi joto 200, hivyo polipropilini inayoyeyuka kwenye 165 inawezekana, lakini nailoni nyingi haziwezekani. Ninachokataa ni hitimisho kwamba kwa kuwa mkonge haufai baharini basi haufai popote. Dari, kiambaza cha ndani na mgongo wa kiti havilowi kila siku. Kinachotakiwa ni vipimo vya kipande kikiwa kimelowa na kikiwa kikavu, vyote viwili kwenye karatasi moja, badala ya kile kikavu peke yake kama ilivyo desturi.

Wapo pia wanaosema kuwa hii yote ni biashara ya kujipaka rangi ya kijani, kwa sababu uzi unaooza ukifungiwa ndani ya plastiki ya epoksi hauozi tena, na wala epoksi hiyo haiyeyuki ikatumika upya. Kwa epoksi nawakubalia. Kwa polipropilini inayoyeyuka upya jambo ni tofauti kidogo, ingawa kila inapoyeyushwa nyuzi hufupika, na sasa tunajua ufupi una gharama gani. Faida ya mkonge kwa mazingira inakaa mahali pengine. Kioo huyeyushwa kwenye tanuru la joto linalopita nyuzi 1,400. Hesabu moja inayorejelewa sana, iliyolinganisha mkeka wa kioo na mkeka wa kitani, ilikuta kioo kinatumia megajuli kama 55 za nishati isiyorejeshwa kwa kila kilo, na kitani hazifiki 10. Tena kila asilimia ya uzi ndani ya kipande ni asilimia ya plastiki iliyoachwa. Lakini faida hiyo huliwa kipande kinapolazimika kuwa kizito maradufu kwa sababu mshiko ulikuwa mbovu, na hapo suala la mazingira linaturudisha kulekule kwenye ufundi wa kiwandani.

Kuna jambo la mwisho ambalo wakulima wa Korogwe na Muheza wanastahili kuambiwa wazi. Kiwanda kinachomimina plastiki kwenye kalibu kinataka singa za milimita chache, na kwa kazi hiyo masalia mafupi yanatosha. Hakina sababu ya kulipa bei ya singa ndefu nyeupe ili kizikatekate. Hilo ni soko jema kwa masalia yaliyokuwa yakiuzwa kwa bei ya kutupa, lakini halitapandisha bei ya daraja la kwanza. Anayezihitaji singa ndefu kwa urefu wake ni yule anayezilaza sambamba katika mikeka na kuzigandamiza kwa rezini, ili apate ukakamavu ule wa 5.5 badala ya 2. Mashine za kazi hiyo ni ghali, kasi yake ni ndogo, na mnunuzi wake ndiye atakayekuwa mkali kuliko wote katika kudai namba za nguvu kwa kila robota.